Andika Alipigwa

Msowero, ukimkuta Mmasai ameinama juu ya mkulima aliyelala chini, huulizi kitu. Unaokota jiwe. Ndiko tulikofika, na asiyependa kusikia na azibe masikio. Kwa hiyo Fortunatus na vijana wake walipotokea ukingoni mwa shamba la mahindi la kaka yake na kumwona Lenku amepiga magoti, kichwa cha kaka huyo, Damiano, kikiwa mapajani mwake, hawakuona mtu anayemlowesha mgonjwa maji usoni. Waliona muuaji.

Walimpiga Lenku mpaka ushanga wa shingoni ukakatika na kutapakaa kwenye matuta. Wakamfunga mikono kwa shuka lake mwenyewe. Hakupigana. Alikuwa akirudia neno moja, "Simu, simu," huku akionyesha kwa kidevu kitochi cha Damiano, simu yake ndogo, kilichoangukia kwenye majani. Hakuna aliyekuwa na haja na simu wakati huo.

Verdiana, mke wa Damiano, alifika nyuma yao akihema, unga wa mashineni ungali kwenye nyusi. Yeye ndiye aliyepigiwa hiyo simu. Alikuwa kwenye foleni ya kusaga pale senta, simu ikaita kwa namba ya mumewe, akapokea, akasikia sauti ya mtu mwingine: "Mama, mimi Lenku. Mzee yako imeanguka. Mdomo imeenda upande. Kuja haraka." Akaacha debe lake palepale na kukimbia. Njiani akakutana na shemeji yake Fortunatus, akamwambia kwa haraka, "Lenku yuko shambani na Damiano, Damiano yuko chini." Habari za mdomo kwenda upande hakupewa nafasi ya kuzimalizia. Fortunatus alikuwa ameshaanza kuita vijana.

Damiano alikuwa macho. Upande wa kulia wa uso wake ulikuwa umeporomoka, mate yanamchuruzika, mkono wa kulia umelala kwenye udongo kama si wake. Alikuwa akijaribu kusema, na kilichotoka kilikuwa mkoromo. Kwenye paji la uso alikuwa na mkwaruzo mdogo, alioupata kwenye bua alipoanguka. Fortunatus aliuona mkwaruzo ule kabla ya kuona kingine chochote.

"Rungu hilo," alisema. "Mashahidi ninyi nyote. Rungu la kichwa."

Vijana wakasema ndiyo, rungu. Hata Verdiana, aliyesikia ile simu kwa masikio yake, alitikisa kichwa kukubali. Aliwachukia wale watu. Misimu miwili alikuwa amelima, amepalilia, na ng'ombe wamevuna.

* * *

Nchi hii kila mtu anajua: aliyepigwa haendi hospitali moja kwa moja. Anapitia kwanza polisi kuchukua fomu ya PF3, la sivyo daktari hamgusi, au ndivyo watu wanavyoamini, na imani ya namna hiyo ina nguvu kuliko sheria yenyewe. Damiano akapakiwa kwenye kirikuu, juu ya magunia, na Lenku akatupwa humohumo miguuni pake. Gari likaelekea kituoni.

Kituoni mgonjwa aliachwa nje kwenye bodi la gari, jua linampiga usoni. Ndani, Koplo Samson alipekua droo moja, akapekua nyingine.

"Fomu zimeisha," alisema. "Mmoja wenu aende stesheneri akatoe kopi."

"Shikamoo afande," Verdiana alisema. "Mgonjwa yuko juani."

"Marahaba mama. Mtieni kivulini, nani amewakataza? Huu ni utaratibu, sikuutunga mimi."

Kijana aliyetumwa kutoa kopi alikuta umeme umekatika, akasubiri jenereta. Verdiana alivua kitenge cha juu akamfunika Damiano uso. Suruali ya mumewe ilikuwa imelowa mkojo, na wanawake waliokuja kituoni na kesi zao walikuwa wakiitazama kisha wakijifanya hawakuitazama. Damiano alikuwa mtu wa kupiga pasi hata shati la shambani. Alikuwa anajua kwamba amejikojolea. Machozi yalimtoka jicho moja.

Fomu ilipokuja, Samson aliandika maelezo yote kama Fortunatus alivyoyasema, kisha akamgeukia Verdiana.

"Mke ndiye atie saini. Alipigwa na nani, na nini, wapi."

"Mimi sikuona," alisema Verdiana.

"Nani kakuuliza kama uliona?" Fortunatus alimgeukia. "Mwaka jana ng'ombe walipokula mahindi, uliona? Si ulikuta mabua tu? Mbona ulijua ni nani?" Kisha akamwambia koplo, "Andika alipigwa."

Tuseme ukweli, Verdiana hakutafuta jibu sana. Alinyoosha mkono achukue kalamu, kwa kuwa shule alisoma mpaka darasa la saba na mwandiko wake ulikuwa mzuri, lakini Fortunatus alishakishika kidole gumba chake na kukikandamiza kwenye wino.

* * *

Hospitalini Kilosa, muuguzi aliyewapokea aliitwa Devota, mama wa makamo asiyepoteza maneno. Aliisoma PF3, akamtazama Damiano, akairudia PF3. Akamwambia Damiano atabasamu. Nusu ya uso ilitabasamu. Akamwambia ainue mikono. Mmoja uliinuka.

"Nani kapigwa hapa?" aliuliza. "Huyu ana kiharusi."

"Kiharusi cha kupigwa," alisema Fortunatus.

"Baba, nimekaa wodi hii tangu wewe hujaota ndevu. Saa ngapi ameanguka?"

Vijana wakatazama sakafu.

"Nauliza kwa sababu Mikumi kuna madaktari wa utafiti wa kiharusi. Wana mashine ya kupiga picha ya kichwa, na wana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Bure. Lakini dawa hiyo ina muda wake. Ukipita, hata uje na rais hawachomi." Alikuwa ameshainua simu kuita gari la wagonjwa. "Na ninyi mmekwenda kuchukua karatasi kwanza. Ubongo wa mtu unakufa, ninyi mnatafuta kopi."

Maneno hayo yalimwingia Verdiana kama kibao. Alikaa garini pembeni ya machela, njia nzima ya kupita kijiji cha Ulaya, ameushika mkono uliokufa, na kila gari liliporuka kwenye shimo mkono ule ulimtoka. Fortunatus alikaa mbele na dereva, PF3 ikiwa kwenye bahasha mapajani.

* * *

Daktari wa utafiti Mikumi alikuwa msichana, au Verdiana alimwona hivyo, amejifunga hijabu ya kijivu na kuvaa raba. Alimpokea mgonjwa mlangoni, akampeleka kwenye picha mwenyewe, akarudi anatembea kwa haraka bila kukimbia.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba. Mimi ni Daktari Yusrah. Picha imetoka. Hakuna damu iliyovuja kichwani. Mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo, upande wa kushoto, umezibwa na donge. Dawa za kuyeyusha donge tunazo aina mbili, na zote zinatumika duniani. Utafiti wetu unatafuta ipi ni bora kwa watu wetu. Kompyuta ndiyo itakayochagua ipi apewe, si mimi. Inaweza kumrudishia mkono na maneno. Inaweza pia kumvujisha damu kichwani akafa. Sikufichi."

"Nyie watafiti mkikosa panya mnachukua watu," alisema Fortunatus.

"Una haki ya kukataa, baba. Tutamtibu kwa njia nyingine, hatumfukuzi. Lakini jibu nalitaka sasa. Mwisho ni muda wa saa nne na nusu tangu alipoanguka. Na kuna jambo la pili." Aliinua ile PF3. "Hapa imeandikwa alipigwa rungu kichwani. Mtu aliyepigwa kichwani siruhusiwi kumchoma dawa hii. Jeraha dogo ambalo picha haikulionyesha linaweza kufunguka likammaliza. Kwa hiyo naomba kujua. Alipigwa, au hakupigwa?"

"Alipigwa," Fortunatus alijibu. "Karatasi ina mhuri wa serikali, na dole gumba la mkewe liko hapo. Unataka nini tena?"

"Nimemuuliza mama."

Msidhani Fortunatus alitaka kaka yake afe. Alimpenda, Damiano ndiye aliyemsomesha. Alitaka vyote viwili, kaka mzima na ng'ombe wa fidia, na aliona hakuna sababu ya Mungu kumnyima kimoja. Wazee wa Kimasai walikuwa tayari wametuma mtu senta kuuliza bei ya jambo hili kuisha. Neno moja tu la "hakupigwa", na mazungumzo hayo yangekufa kabla ya kuanza.

Verdiana alijua hayo yote. Alijua pia kwamba nyumba anayolala imejengwa kwenye kiwanja cha baba yao Fortunatus na Damiano, na kwamba yeye ni mtu wa Vidunda, mke wa kuja, ambaye mpaka leo mawifi humwita "yule wa mlimani". Na alijua kuwa amedanganya polisi. Nyuma ya pazia Damiano alikoroma, akijaribu kumwita mtu, pengine yeye.

"Hakupigwa," alisema.

"Mama, uliona?"

"Sikuona. Aliyeona ni Lenku, na ndiye aliyenipigia simu. Aliniambia mdomo umekwenda upande, niende haraka. Mtu aliyempiga mtu rungu hampigii mkewe simu." Akatoa simu yake. "Saa yake iko humu."

Daktari aliisoma ile saa kwenye simu, akatazama ukutani, midomo ikahesabu. Muda ulikuwepo, lakini si wa kuchezea.

"Unamwamini Mmasai kuliko mimi?" Fortunatus aliuliza, sauti imeshuka.

"Namwamini aliyekuwepo."

"Ndugu wawili mnasema maneno mawili tofauti," alisema Daktari Yusrah. "Siwezi kuchoma hivyo. Huyo Lenku yuko wapi?"

Lenku alikuwa mahabusu. Daktari alipiga simu kituoni, akajieleza, akaulizwa yeye ni nani wa kuhoji watuhumiwa, akajieleza tena kwa ukali, na mwishowe Koplo Samson, ambaye hakuwa mtu mbaya ila mvivu, aliipeleka simu mpaka kwenye nondo. Daktari akaweka sauti ya wazi. Lenku alizungumza kwa shida, mdomo wake ulikuwa umevimba.

"Ng'ombe yangu naingia shamba yake. Hiyo ni kweli, hiyo kosa yangu. Mimi nakuja kutoa. Mzee nakuja na fimbo, hasira mingi, natukana mimi. Neno moja natoka. Ingine hapana toka. Fimbo naanguka chini, halafu yeye mwenyewe. Mimi nashika yeye. Kupiga, hapana."

"Kichwa kiligonga jiwe? Kisiki?"

"Hapana. Nalala kwa mahindi. Polepole."

Verdiana alisikiliza sauti ile ya mtu aliyelisha ng'ombe wake jasho lake misimu miwili, na hasira haikumtoka hata kidogo. Angeweza kumzaba kofi. Lakini alijua anasema kweli, maana mwongo asingeanza kwa kukiri kosa lake. Hilo lilimuuma kuliko yote, kwamba mume wake alikuwa amening'inia kwenye ulimi wa yule mtu na hakuna mwingine wa kumshika.

"Nipe hiyo karatasi yako," alimwambia daktari.

"Shemeji," alisema Fortunatus, "ukitia saini hapo, akifa umemuua wewe. Na asipokufa, usirudi kwenye kiwanja cha baba yangu."

Daktari alimpa kidau cha wino pamoja na kalamu, kwa mazoea. Verdiana akakisukuma kidau pembeni. Akaandika jina lake lote, na la baba yake, na la babu yake, herufi moja moja. Fortunatus aliondoka kabla hajamaliza.

* * *

Jioni ile vidole viwili vya Damiano vilicheza. Asubuhi alisema "maji". Verdiana alimpa maji, kisha akatoka koridoni akalia mpaka mwanamke aliyekuwa akimuuguza mama yake kitanda cha jirani akaja kumshika bega. Alikuwa na furaha, na alikuwa na njaa. Hakuna mtu wa Msowero aliyeleta hata kiazi. Alilala sakafuni chini ya kitanda cha mumewe, akala makombo ya uji wa hospitali, na wauguzi wakawa wanamruka miguu wakienda na kurudi. Hakujali. Kila asubuhi Daktari Yusrah alikuja na maswali yake, inua mkono, nyoosha mguu, huyu ni nani, na Damiano alijibu, "Mke wangu," na Verdiana aliona hakuna cha kumdai Mungu tena.

Kisha akaja Fortunatus, na machungwa kwenye mfuko. Hakumsalimia shemeji yake. Alivuta kiti mpaka sikioni mwa kaka yake, akazungumza Kikaguru, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini, muda mrefu. Verdiana, Kikaguru cha ndani kilimpita. Alishika neno ng'ombe tu, na jina la Lenku. Damiano alisikiliza amefumba macho.

Baada ya chai Koplo Samson aliingia wodini na daftari lake, kofia kwapani. Daktari Yusrah alikuwa kitanda cha pili, akasogea. Verdiana alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akimlisha mumewe uji, kijiko kimoja kimoja, na kumfuta kidevu.

"Shikamoo mzee. Pole sana."

"Ma-rahaba," alisema Damiano.

"Tunaye mtu ndani, mzee. Karatasi zinasema alikupiga. Daktari amenipigia anasema ni ugonjwa. Mimi nimechoka, nataka nisikie kwako mwenyewe. Alikupiga, au hakukupiga?"

Verdiana alingoja. Hakuwa na wasiwasi wowote. Wasiwasi ulikuwa umekwisha siku ile ya kwanza.

"Alinipiga," alisema Damiano.

"Na nini?"

"Ru-ngu. Hapa." Akainua mkono wa kulia, ule uliokuwa umekufa, ukapanda polepole, ukatetemeka, ukafika, na kidole kikagusa paji la uso.

"Andika alipigwa," alisema Fortunatus.

Daktari Yusrah alikuwa amesimama na kalamu hewani. "Mzee," alisema, "nilikuchoma ile dawa kwa sababu mkeo alisema hukupigwa. Ukisema ulipigwa, mimi nina kesi, na utafiti huu unaweza kusimamishwa. Wapo wengine wanaoletwa njiani sasa hivi. Tafadhali fikiri."

Damiano aligeuza uso dirishani.

"Damiano," alisema Verdiana. "Unakumbuka ilivyokuwa?"

"Nakumbuka."

"Alikupiga?"

Maneno yakaanza kutoka, moja moja, anayasukuma. "Mahindi yangu. Misimu... miwili. Nimekwenda kata. Nimekwenda wilaya. Nani amefungwa? Hakuna. Sasa afungwe. Kwa... lolote." Ilikuwa kauli ndefu kuliko zote alizowahi kutoa tangu aanguke. Kwa kipimo cha watafiti alistahili alama zote.

Na mahindi yalikuwa ya Verdiana pia. Mgongo wake ulikuwa unayajua mahindi yale kuliko mtu yeyote mle wodini. Alimwelewa mumewe barabara. Akatafuta kwenye uso ule uliorudi mahali pake aibu kidogo tu, ya kumshika. Hakuiona.

Akaweka bakuli la uji kwenye mapaja ya Damiano. Akauchukua mkono wake wa kulia, akakiweka kijiko kwenye kiganja, akavikunja vidole kimoja baada ya kingine mpaka vikashika.

"Mkono umepona," alisema. "Kula mwenyewe."

Akasimama, akajifunga kitenge. "Afande, nina maelezo. Yale ya mwanzo nilidanganya, nataka kuyaandika upya."

Samson alimtazama, akamtazama Fortunatus, akakuna shingo. "Utajiingiza matatani mama. Kudanganya polisi ni kosa."

"Nijiingize. Kalamu unayo?"

"Hayaandikwi hapa. Mpaka kituoni."

"Twende kituoni."

Fortunatus alisema jambo kwa Kikaguru, jambo baya, na wagonjwa wawili watatu waliojua lugha ile wakageuza nyuso. Verdiana alipita katikati ya vitanda, Samson nyuma yake akivaa kofia. Alipofika mlangoni alisikia kijiko kikigonga bakuli, mara moja, kisha tena. Damiano alikuwa anakula.